Rangi Isiyoliwa na Fisi

Katika zama zile ambapo misafara ya pembe za ndovu ilikata nchi za bara kuelekea pwani, na kila mtemi mwenye bunduki za gumegume alijiona ndugu wa radi, palikuwa na nchi iliyoitwa Bukindwa. Haikuwa nchi kubwa, lakini ilikaa njiani, na nchi iliyokaa njiani haikosi kugombewa. Ikulu yake ilizungushiwa boma la magogo ya mninga, na nje ya magogo ukapandwa ua mnene wa minyaa, mti ule ambao ukiuvunja tawi hutoa utomvu mweupe kama maziwa, na utomvu huo ukikurukia jichoni utalia kama mfiwa.

Mtawala wa Bukindwa alikuwa Mtemi Mwanilanga, mtu mnene wa sauti ndogo, aliyevaa shingoni kibangwa cheupe, kile kipande cha kombe la pwani kivaliwacho na watemi, na ngozi ya simba begani. Chini yake walikuwako wanangwa, wakuu wa vijiji na vikosi. Mmoja wao hakuwa na kijiji wala kikosi. Huyo aliitwa Luhende, na kazi yake ilikuwa kusikia yale ambayo Mtemi hakupaswa kuonekana akiyasikiliza.

Luhende alizaliwa na shaka kama wengine wanavyozaliwa na kibyongo. Mgeni akimsalimu kwa furaha, hujiuliza amefurahia nini. Akimsalimu kwa huzuni, hujiuliza anaficha nini. Mkewe Kalunde alizoea kumwambia, "Siku moja utaufunga kamba mchuzi wangu, kwa kuwa umechemka bila ruhusa yako." Watu walicheka, lakini walipomwona akipita walipunguza sauti.

Mwaka uliotangulia habari hizi, kikosi cha Nyuki kilipigana na majeshi ya Mtemi Kapela wa Bugwema katika mbuga ya Nhumbu. Kilishindwa, na vijana wengi wakabaki huko. Miongoni mwao alikuwa Sitta, mtoto pekee wa Luhende na Kalunde. Kwa mila ya Bukindwa, aliyeanguka vitani hakurudishwa nyumbani. Wenzake walimlaza chini, wakamfunika kwa ngao yake mwenyewe, wakamwacha. "Ngao ya mfu haivuki kizingiti," walisema wazee. Atakayeileta nyumbani ameleta na kifo kilichoilalia, na mtu huyo hana tena mahali ndani ya boma. Hata jina la marehemu halikutajwa, wala ngao yake haikuzungumzwa. Ndiyo maana Kalunde, ambaye miaka yote alimwita mumewe Baba Sitta, sasa alimwita Mwanangwa, kama walivyomwita watu baki.

Sasa tumtaje mtu ambaye kwa ajili yake habari hizi zimehifadhiwa.

Jina lake lilikuwa Ndulu, mchoraji. Alikuwa mwembamba kama mpini wa jembe, na macho yake yalikuwa mekundu daima. Alizaliwa Bugwema, nchi ya adui. Ujanani alifundishwa na chama cha wacheza nyoka, ambao huchora kuta za nyumba zao kwa ndani, mahali asipofika asiyeapishwa. Kabla ya Ndulu, wachoraji wa nchi zile walichora alama tu: chatu, mwezi, nukta za mvua. Ndulu akachora watu. Wala hakuwachora sura. Aliwachora walivyosimama, na hiyo ilitosha. Ungetazama mgongo wa mtu ukutani ukasema, "Huyu ni shemeji yangu, na leo ana deni la maneno."

Kipaji hicho kilimponza. Mtemi Kapela alimwagiza apambe ukuta wa baraza lake, naye akamchora Kapela akiwa ameegemea mguu wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulifupishwa na mkuki zamani. Waliopita pale walianza kucheka kabla ya kujua wanachekea nini. Kapela akaamuru mkono wa mchoraji ukatwe. Ndulu akatoroka na kibuyu cha ngeu, ule udongo mwekundu wa kuchorea, akaingia Bukindwa akiomba hifadhi, muda si mrefu kabla ya vita vya Nhumbu.

Mwanilanga alimpa kazi ya kuchora ngao. Kila kikosi kilikuwa na alama yake, Nyuki, Chui au Mwezi, na alama hizo zilichorwa ndani ya nyumba iliyofungwa ili adui asiige. Ndulu alichanganya rangi zake na utomvu wa mnyaa, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya, nazo zikashika ngozi kama zimezaliwa nayo. Wachoraji wa nchi jirani walikuja kutazama kazi yake, wakarudi kwao wakafuta kuta zao. Luhende naye alikuja kutazama. Aliona mtu aliyefukuzwa na adui, akajiuliza kama amefukuzwa au ametumwa.

Kisha kijiji cha Mwasubi kikaanguka.

Mlinzi wa lango la Mwasubi aliletwa barazani mkono ukiwa umefungwa majani. Alianguka mbele ya Mtemi, akanena akilia.

"Niliwaona kwa macho haya, Mtemi. Ngao za Nyuki, mabawa mekundu, tumbo jeupe. Nikasema, hawa watoto wetu wanarudi. Nikaondoa komeo kwa mikono yangu mwenyewe. Walipokwisha kuingia ndipo nikasikia wanavyosema, nikajua ni watu wa Kapela."

Mwanangwa Mhoja, mkuu wa kikosi cha Nyuki, akasimama. Alikuwa mtu wa masango ya shaba mikononi na kovu kidevuni, na tangu Nhumbu hakucheka.

"Nyuki yule anajulikana na mkono mmoja tu," akasema. "Na mwenye mkono huo kitovu chake kimezikwa Bugwema."

Ndulu alisukumwa mbele. "Mtemi," akasema, "ningetaka kukuuza, nisingekuuza kwa Kapela. Yule bado ananidai mkono."

Wachache walicheka. Mhoja hakucheka. "Pengine ndiyo malipo yenyewe," akajibu. "Umelipa kwa Mwasubi ili mkono ubaki."

Wengi waliguna kwa kukubali, na mtu mmoja akapaza sauti mwavi upikwe, ile sumu ambayo mshitakiwa hunywa mbele ya watu. Mwanilanga akainua kidole. "Vita viko mlangoni, na ngao za Chui ni ngozi tupu. Atazichora kwanza. Luhende atakaa naye. Akila, amtazame, akilala, aisikilize pumzi yake. Rangi ikikauka, Luhende atanyosha kidole au hatanyosha. Akinyosha, mwavi utakuwa tayari."

Basi maisha ya mchoraji yakawekwa katika kidole cha mtu asiyeamini hata mchuzi.

Nyumba ya ngao ilikuwa tembe refu lisilo na dirisha ila mwanya juu ya mlango. Luhende alimfunga Ndulu kamba kiunoni, na ncha ya pili akajifunga mwenyewe.

"Mwangaluka, mwanangwa," Ndulu akamwamkia asubuhi.

"Usiniamkie. Chora."

"Basi legeza kamba kidogo. Chui asiye na pumzi hutoka kama paka mgonjwa."

Luhende alilegeza, akakaa akimtazama. Alitazama mkono wa kulia. Alipochoka akatazama wa kushoto, kwa maana mwizi hutumia ule usiotazamwa. Aliona Ndulu akivunja vijiti vya mnyaa, akikinga utomvu kwenye kibuyu, akiukoroga na ngeu, na masizi, na udongo mweupe.

"Kwa nini utomvu?"

"Kabla sijaja, mvua moja ilikuwa ikifuta kikosi kizima. Vijana walitoka hapa chui, wakarudi ngozi tupu."

Mbwa wa ikulu akaingia. Akailamba ngozi moja ambayo haijachorwa, kwa raha zake, kisha akaisogelea iliyochorwa. Aliinusa, akapiga chafya, akatoka akiwa amefyata mkia.

"Umetia sumu," akasema Luhende.

"Uchungu tu, mwanangwa. Hata panya wa nyumba hii siku hizi wanapita mbali."

Mwisho wa tembe palikuwa na mkeka ulioning'inizwa ukutani. "Nyuma ya mkeka kuna nini?" Luhende akauliza.

"Ukuta."

"Na juu ya ukuta?"

Ndulu aliinama juu ya ngao yake, akaendelea kuchora. Luhende angeweza kuuvuta mkeka papo hapo, lakini hiyo haikuwa desturi yake. Mficha kitu ukimfunua mapema, utakipata kitu. Ukimwacha kidogo, utampata na mwenzake.

Naye mwenzake alikuja. Mchana, askari waliolinda mlango walipokwenda kula, mwanamke mmoja aliingia na mtungi wa maji kichwani, akamwona Luhende, akageuka akatoka. Baada yake akaja mwingine, naye akafanya vivyo hivyo. Moyo wa Luhende ulichangamka kama wa mwindaji aonaye majani yakitikisika. Mtungi ulioletwa umejaa ukarudi umejaa haukuja kwa ajili ya maji. Hapa pana njia, aliwaza. Habari zinaingia kwa mitungi na kutoka kwa mitungi mpaka kwa Kapela.

Kesho yake alimfunga Ndulu kwenye nguzo, akamziba mdomo kwa kitambaa cha kaniki, naye akajificha nyuma ya lundo la ngozi, kisu mkononi. Mchana mwanamke akaingia, amejitanda kaniki mpaka usoni. Hakuona mtu ila giza la tembe. Alitua mtungi, akaenda moja kwa moja kwenye mkeka kama mtu aendaye chumbani kwake, akaufunua. Luhende akaruka, akamkamata mkono, akaivuta kaniki.

Alikuwa Kalunde.

"Niache, Mwanangwa," mkewe akasema, wala hakushtuka sana. "Nimekuja kumtazama mwanangu."

Luhende aliinua macho. Ukuta mzima nyuma ya mkeka ulikuwa mbuga ya Nhumbu. Ndulu alikuwa amewachora vijana wa Nyuki wote waliobaki huko, wamelala katika nyasi za ngeu, kila mmoja na ngao yake juu yake. Hapakuwa na damu wala mkuki. Mmoja alilala amejikunja kama jongoo. Mwingine alitupa mkono nje kama anayetafuta blanketi. Na ukingoni alilala kijana mmoja kifudifudi, kiganja chini ya shavu, goti moja limeinuliwa. Baba yeyote angemjua mwanawe kwa goti lile.

Luhende alikwenda kwenye nguzo, akamfungua Ndulu mdomo. Sauti yake ilikuwa kavu. "Wewe hukuwako Nhumbu. Ulijuaje walivyolala?"

"Sikujua," Ndulu akasema. "Niliwauliza mama zao walivyokuwa wakilala utotoni."

Kalunde alikaa chini mbele ya ukuta. "Hatuna kaburi, hatuna jina la kuita," akasema. "Tulimwomba sisi. Ukitaka kunyosha kidole, anza na mimi."

Luhende hakulia. Alifanya lile alilolizoea: alitafuta la kushuku. Macho yake yalikwepa goti lile, yakapanda juu yake, yakaikuta ngao, na ile ya pili, na ya tatu, zimetanda mbugani zote, mabawa mekundu, tumbo jeupe.

"Ngao hizi," akasema polepole, "ziko wapi sasa?"

Kalunde alijiziba mdomo. Ndulu akatikisa kichwa. "Hayo hayasemwi, mwanangwa. Na mimi mgeni ndiye wa mwisho kuyasema."

"Nimekuuliza."

"Wazee husema fisi huzila pamoja na..." Ndulu hakumaliza. Alitazama mlango ambao mbwa alitokea jana akipiga chafya. Luhende naye aliutazama mlango ule ule. Kisha mchoraji akateremsha mgongo kwenye nguzo mpaka akakaa chini, uso umempauka.

"Ee baba," akasema. "Tangu zama za mababu zenu fisi walizila, kwa kuwa ngozi ni ngozi. Halafu nikaja mimi na utomvu wangu. Fisi hawakuzila. Mvua haikuzifuta. Zimelala pale mbichi kama zilivyotoka mikononi mwangu, zikimngoja Kapela aziokote."

"Nyamaza," akasema Luhende. "Bado sijakuamini. Huenda umelitunga hili sasa hivi."

"Umelianza wewe, mwanangwa. Hata mdomo umenifungua wewe."

Hapo kwa mara ya kwanza Kalunde akacheka, akilia.

Luhende alijua kwamba neno lake tupu halingetosha. Kutamka barazani habari za ngao za wafu, bila ushahidi, kungempatia mwavi yeye pamoja na Ndulu. Alfajiri alichukua mkuki na bunduki yake, akatoka, mchoraji amefungwa nyuma yake kama mbuzi wa mnada. Langoni alisimama Mhoja.

"Mnakwenda wapi?"

"Kuchuma utomvu."

Mhoja aliitazama kamba. "Hivi hapo nani amemfunga nani, Luhende?"

"Ukijua utanieleza," akajibu, akapita.

Walifika Nhumbu jua likiwa utosini. Ilikuwa mbuga pana ya nyasi ndefu, imekatwa katikati na korongo lenye miiba. Mifupa ilikuwapo, imetafunwa na kutawanywa, na vipini vya mikuki vilivyoliwa na mchwa. Ngao hazikuwapo. Hapakuwa na kipande cha ngozi wala ukanda, na fisi hamalizi hivyo. Katika nyasi Luhende aliona alama za watu walioburuta vitu vizito kuelekea Bugwema, nyingine za zamani, nyingine za juzi.

"Hata moja?" akanong'ona. "Hata moja hawakuniachia?"

Ndulu akamvuta kamba, akaonyesha korongo. Watu watatu walikuwa wakipanda kutoka miibani, wamevaa manyoya ya mbuni kwa desturi ya Bugwema. Wawili walibeba ngao mabegani, wa tatu aliishika yake mkononi kama mwenyewe. Walikuwa wameokota zile zilizokuwa zimebaki korongoni.

Kuonana na kupigana vilikuwa kitu kimoja. Luhende alifyatua gumegume yake. Ilitoa moshi mwingi na risasi kidogo, wawili wakatupa mizigo yao korongoni wakakimbia. Wa tatu alikuwa jitu la kifua. Alikuja mbio na ngao mbele, na mkuki wake ukapasua bega la Luhende. Luhende alirudi nyuma, kamba ikamnasa miguu, akaanguka. Aliuona mkuki wa pili ukiinuliwa juu yake, na juu ya mkuki jua.

Ndulu hakuwa na silaha. Alikuwa na kibuyu chake. Alikizibua kwa meno, akamwagia utomvu wote usoni mwa yule mtu. Jitu lilipiga ukelele, likajishika macho, na Luhende kutoka chini akamchoma mkuki chini ya mbavu.

Walikaa wote wawili wakihema. "Umeniulia shahidi," Luhende akasema.

"Mkuki ni wako, mwanangwa."

Luhende alitambaa mpaka kwenye ngao iliyoanguka, akaigeuza. Nyuki alikuwa mzima, mabawa yake mekundu kama siku ya kwanza. Akaigeuza tena kutazama mshikio. Ulifungwa ukanda wa ngozi ya kenge. Ukanda ule alikuwa ameukata yeye mwenyewe kutoka mshipi wake wa ujana, akamfungia mwanawe asubuhi ya kuondoka, kwa sababu mikono ya kijana ilikuwa ikitoka jasho.

Alikaa nao muda mrefu. Ndulu alitazama kando.

"Mwanangwa," mchoraji akasema mwishowe, "korongoni kuna nyingine walizotupa. Chukua hizo. Hiyo iache. Ukivuka nayo lango..."

"Zile hazina mwenyewe wa kuzisemea. Mhoja ataniambia umezichora wewe jana. Hii siyo." Luhende aliipachika ngao begani lisilo na jeraha. "Twende. Na usitembee nyuma yangu, tembea mbele. Bado mimi ni mimi."

Jua lilikuwa limeshuka sana, lakini halijazama, walipolifikia boma. Mlinzi aliwaona kwa mbali, akaona ngao ya Nyuki yenye udongo wa mbuga begani mwa mtu asiye wa kikosi hicho, akalia kwa sauti kama aliyeona mzimu. Lango likafungwa. Watu wakapanda juu ya magogo. Mhoja akatoka peke yake, mkuki mkononi.

"Luhende! Tupa kitu hicho! Umerukwa na akili?"

"Njoo ukitazame kwanza, ndugu yangu. Ni nyuki wako."

Mhoja alisogea hatua kwa hatua, mpaka akauona ukanda wa kenge. Mkuki wake ukashuka wenyewe.

"Nilimfunika mimi," akasema. Watu wote walimsikia. "Kwa mkono wangu huu. Nikambana vizuri, fisi wasimwone upesi."

"Na Kapela akamfunua kwa mkono wake," akajibu Luhende. "Leo nimeikuta mkononi mwa mtu wake, hajui hata ilikuwa ya nani. Hakuna aliyefundishwa kuchora nyuki, Mhoja. Sisi wenyewe tumewapa Bugwema ngao kila tuliposhindwa. Zamani fisi walikuwa wakitusitiri. Rangi ya Ndulu, fisi hawaiwezi."

Mtemi Mwanilanga alikuwa amefika langoni, akaamuru lifunguliwe, akasimama upande wa ndani wa kizingiti. Aliitazama ngao kwa muda, kisha akamtazama mtumishi wake.

"Ungeiacha porini," akasema kwa sauti yake ndogo, "ukaja kuniambia kwa mdomo."

"Ungeniamini, Mtemi? Mimi mwenyewe nisingejiamini."

Mtemi alishusha pumzi. "Mwavi umwagwe. Mchoraji afunguliwe. Nani ananyosha kidole sasa?" Hakuna aliyenyosha. "Lakini wewe, Luhende..." Hakuweza kumaliza, na hakuhitaji.

"Najua, Mtemi. Sijavuka kizingiti wala sitavuka." Luhende alichomoa kisu, akaikata kamba kiunoni mwake. "Ila neno la mwisho la kazi yangu. Ngao zile zitakuja hapa kama zilivyokwenda Mwasubi. Usizifute alama. Waambie Nyuki wetu wabebe ngao zao kichwa chini. Atakayekuja na nyuki aliyesimama wima, huyo si mtoto wetu."

Ndipo umati ulipopasuka, na Kalunde akatoka langoni amebeba mkeka na chungu. Alivuka kizingiti bila kuomba ruhusa kwa mtu. Akasimama kando ya mumewe, akaweka kiganja juu ya ngao.

"Baba Sitta," akasema kwa sauti iliyofika juu ya magogo, "tunakwenda wapi?"

Hakuna aliyethubutu kumnyamazisha. Mama wengine, huko ndani, walianza kuita majina ya wana wao pia, mmoja baada ya mwingine, na wazee wakatazama chini. Luhende na Kalunde wakaishika njia ya magharibi. Penye bonde la mwisho, ambapo boma hutoweka, Luhende aligeuka akatazama nyuma, mwili ukienda na kichwa kikirudi. Ndulu alikuwa bado amesimama nje ya lango.

Mwezi ule ule watu wa Kapela walikuja mbele ya ikulu, kikosi kizima, nyuki wao wamesimama wima na manyoya yameachwa nyumbani. Lango lilifunguliwa kwao kwa adabu. Waliingia nusu, likafungwa. Washairi wa Bukindwa waliitungia siku hiyo nyimbo ndefu, na katika nyimbo zote shujaa ni Mhoja. Baadaye sheria ilibadilishwa, ngao za waliokufa zikawa zinachomwa moto palepale mbugani na majina yao yakaruhusiwa kuitwa. Aliyesababisha hayo hakurudishwa. Mtemi anaweza kufuta mwiko. Hukumu yake mwenyewe ni vigumu kuifuta.

Luhende alizeekea katika nchi ya wachemsha chumvi, akilima uwele na kuwatilia shaka majirani. Siku moja mchukuzi wa msafara aliwapa habari kwamba Mtemi Mwanilanga amejenga nyumba mpya ya baraza, na kwamba Ndulu ameuchora ukuta wake wote: Mtemi, wanangwa, askari, wanawake na mitungi, umati kama sokoni, na kila mtu hujitambua kwa anavyosimama.

"Ila ukingoni kabisa," mchukuzi akasema, "yuko mtu mmoja nje ya boma, anakwenda huku anatazama nyuma. Niliuliza ni nani. Watoto wa pale wakaniambia ni mwizi."

Kalunde alicheka mpaka akaweka chini ungo. Luhende akamuuliza mchukuzi nani amemtuma kuja kusema hayo.

Nyumba ile ilianguka katika masika ya miaka mingi baadaye, na udongo ukarudi udongoni. Kapela, Mwanilanga na Mhoja walibaki katika nyimbo, na nyimbo zenyewe zikabishana. Lakini wanafunzi wa Ndulu walikuwa wametawanyika, nao wakafundisha wengine, na wachoraji wa nchi zile, kila walipochora umati, waliweka ukingoni mtu mmoja anayekwenda huku akitazama nyuma. Mgeni akiwauliza huyo ni nani, walishangaa swali. Walisema hawamjui. Walisema umati huchorwa hivyo.